Rangi ya Alfajiri

Siku ya kwanza nilisema ni bitiruti.
Siku ya pili nikasingizia ukwaju.
Siku ya tatu, kabla ya adhana, nikainama juu ya choo cheupe
nikaona kahawa, ile chungu tunayowamiminia wageni,
na sikuwa tena na cha kusingizia.
Mchana mkojo safi, kama si wa mtu yule yule.

Daktari Badriya, kule Khoudh, alichora nyuma ya karatasi ya dawa:
duara, duara, mshale.
Akasema: mutammima.
Mimi wa Ibra, mtoto wa mama wa Unguja,
nikalisikia neno kwa masikio mawili:
timia, timamu, tamati.
"Ndiyo hao. Kingamwili humshika mwizi, hawa humtoboa."
Wamo katika damu ya kila mtu, wamesinzia;
akiamka mmoja humwamsha mwenzake,
kama maji ya falaji yanavyopokezana milango
hadi shamba la mwisho.
Wamepewa nambari, moja mpaka tisa,
ila wa nne humtangulia wa pili,
na aliyewahesabu hakurudi kusahihisha.
Bila wao, homa ndogo ingetuzika.

"Na wangu wameasi?"
"La. Wangu na wako hawana tofauti."
Kosa liko kwenye uboho: chembe nyekundu zinazaliwa
bila ile alama ya juujuu inayosema
mimi wa humu, niache nipite.
Mlinzi haioni. Anafanya kazi yake.

Nikacheka. Badriya hakujua kwa nini.
Mama alishuka Maskati mwaka sabini na mbili
na sanduku moja na Kiarabu cha msahafu.
Karani akamuuliza: wewe wa nani?
Akamtaja baba, akamtaja babu, akautaja mtaa
ambao hajawahi kuuona,
na kalamu ya karani bado iko hewani.
Hata leo akiniita kwa Kiswahili dukani, mtu hugeuka.
Chembe hizo nazijua. Nimekula nazo sinia moja.

Sasa kila baada ya Jumapili mbili Zahran hunipeleka,
na Shiji, muuguzi wa Kerala, huupapasa mkono wangu
akiutafuta mshipa kama anayetafuta swichi gizani.
Dawa inadondoka. Inauziba mlango wa tano,
vile babu alivyouziba mfereji kwa jiwe na tambara
zamu ya jirani ilipofika.

Lakini mlinzi akifungwa mikono
mwizi naye hupata habari.
Ndiyo maana walinichanja kwanza chanjo za homa ya uti wa mgongo,
na mkobani nina kadi:
HOMA YOYOTE, SHINGO KUKAKAMAA, USINGOJE KUCHE.
Mama ametoa nakala, kaibandika kwenye friji,
chini ya ratiba ya swala.

Leo alfajiri nimeinama tena.
Rangi ya chai iliyoongezwa maji, mara mbili.
Sijui kama huku ndiko kupona; Badriya halitumii neno hilo.
Nikavuta maji, nikatawadha,
na mama, jikoni, kwa lugha ya jikoni:
"Haya, vipi leo?"

"Wamepita," nikamjibu.
"Si wote. Wengi wamepita."