Ritifaa

Desemba, Dundee. Saa tisa na nusu alasiri
na giza limeshafunga duka.
Ghorofa ya nne ya halmashauri, mimi na seva:
yeye ananguruma chini, kwenye chumba chake cha baridi,
mimi juu, na chai iliyoota utando.

Kazi yangu ni nyepesi kuieleza:
mtu anauliza, ukurasa unajibu.
Katikati, pasipoonwa na yeyote,
maneno yangu yanashuka hadi kwenye jedwali,
yanabisha hodi, yanachota mstari mmoja,
yanauvisha nguo, yanaupandisha mezani.
Anayesoma hudhani ulikuwapo tangu asubuhi.
Haukuwapo. Umepikwa alipoagiza.

Msimu huu napakua foleni ya vishamba,
vile vipande vya manispaa, upana wa sebule,
ubavuni mwa kilima,
ambavyo watu hungoja miaka kumi wapande viazi.
Andika jina la ukoo, ujue wewe ni wa ngapi.
Petrie, wa sitini. Lindsay, wa nane.
Geddes, na Geddes mwingine; hawasalimiani.

Ndipo akapiga simu Malachy O'Rourke,
fundi bomba mstaafu, kifua kikipiga mluzi kwenye waya:
"Binti, kila nikijiandika ukurasa unakuwa mweupe.
Nimekufa, na hamkuniambia?"

Nikajaribu. Mweupe kweli, kama sahani iliyorambwa.
Nikapekua daftari la makosa, mstari kwa mstari,
nikamkuta mhalifu:
kimkia hewani, baada ya O.
Ritifaa.

Seva husoma jina kati ya alama mbili,
mlango wa kuingilia, mlango wa kutokea.
Ilipofika kwenye O ikaona mlango wa pili,
ikasema, jina limekwisha.
Rourke yote iliyosalia ikahesabiwa kuwa amri,
amri ya lugha isiyojulikana,
ikatupwa nje pamoja na mzee wake.

Aibu ilikuwa yangu. Ni mimi niliyeshona
majina ya watu ndani ya amri kwa uzi mmoja.
Mimi, wa lugha ambayo bila kile kimkia
ng'ombe hakamuliki, nyota haing'ai,
jino bovu haling'oki,
na nguo kwenye kamba haina namna ya kuning'inia.

Nikafumua. Kila jina nikalipa bahasha yake,
lishuke limefungwa, lisichanganyike na maagizo;
humo ndani herufi zikae zitakavyo.
Nikabonyeza.

O'Rourke, Malachy. Nafasi: ya kwanza.

Ya kwanza tangu mwaka juzi.
Funguo mbili zimemruka kichwani,
maana barua tuliwatumia waliotokea kwenye ukurasa.

Nikampigia. Akanyamaza, kisha akacheka,
kisha akauliza ufunguo unachukuliwa dirisha la ngapi.

Nilipaswa kwenda nyumbani.
Kadi iliyo shingoni mwangu inasema MINZA NGWIGULU.
Miaka kumi na tisa. Fomu ya kwanza kabisa
ilikikataa kimkia kwa maandishi mekundu, herufi batili,
nami nikakifuta mwenyewe, nikadhani ni adabu.
Tangu siku ile wananitamka
kama wanaoteremka ngazi gizani: Ngu. Wi. Gulu.

Nikaandika kwenye kisanduku, na kimkia chake.
Ukurasa ukatua, safi, bila kosa:

Hakuna rekodi yenye jina hili.

Haikudanganya. Chini yake kuna kitufe cha kijani
nilichokichora mwenyewe mwezi wa nane: Jiunge na foleni.

Ng'wigulu, Minza.
Nafasi: ya mia mbili na kumi na nne.

Nikaosha kikombe. Nikazima taa.