Sikio la Utepe

Kabla hujaniuliza bei, Mchopa, niulize njia.
Katoni hii inafungwa Newala saa kumi na mbili asubuhi,
ukungu umekaa mlangoni kama mdai,
na gundi, kama mimi, haijaamka.
Jioni ipo Mtwara, ndani ya kontena,
bati limekunywa jua tangu Nanyamba.
Utepe mmoja, hali mbili za hewa.
Wewe umeniletea risiti.

Mwaka jana tulinunua ule mwembamba,
wa kahawia, wa dukani kwa Nandonde,
pisi thelathini na sita kwa bei ya kutupa.
Ukivutwa ulipiga mayowe, tukasema: huu una nguvu!
Kumbe mayowe ni mayowe tu.
Bandarini katoni arobaini na moja zikapiga miayo,
mifuko ya korosho ikachungulia nje,
karani akapiga picha,
na picha ikafika hapa kabla ya lori kurudi.
Rahisi huvunja upishi, mama yangu alikuwa akisema.
Hakuwahi kufunga katoni hata moja.

Basi safari hii nimejaribu.
Katoni tatu, kila moja kilo ishirini na mbili na ushei,
mchanga badala ya korosho, maana sina wazimu.

Ya kwanza nilitia ule wa gundi ya moto, mwepesi wa kudaka,
na kweli ulidaka, hata kwenye baridi.
Siku mbili juu ya bati ukalainika kama samli,
mdomo ukafunguka taratibu, bila aibu.

Ya pili, karatasi ya kulowesha.
Hiyo ukiibandua inaondoka na ngozi ya boksi.
Nzuri, sikatai. Lakini inataka maji kila saa,
na bomba letu unalijua.

Ya tatu, akriliki, nene kidogo.
Asubuhi ilisita kama mwali mbele ya wageni.
Nikaipa kiganja, nikaisugua toka kati kwenda pembeni,
nikaiacha na mambo yake.
Siku ya tatu niliomba kisu.

Hiyo. Andika hiyo.

Andika na yale yasiyouzwa dukani:
kitambaa kikavu kwa kila meza,
maana vumbi likitangulia, gundi hushika vumbi, boksi huliacha.
Somoe asifunge kabla hajanawa,
mafuta ya korosho hayana urafiki na utepe wowote.
Mkia ushuke ubavuni vidole vinne.
Viwili ni ubahili, nao ndio uliotupigisha picha.

Unacheka, unauliza nimesomea wapi.
Nimebangua miaka tisa, Mchopa.
Mafuta ya ganda yamekula ncha za vidole vyangu;
nilipokwenda kusajili laini, mashine ilinikataa mara sita,
yule kijana akaniangalia: mama, kwani wewe ni nani?
Havina alama, ndiyo.
Havioni hata mwisho wa soltepu ulikojificha,
ndiyo maana kila nikikata nakunja sikio dogo,
wasichana wananicheka,
halafu wanakuja kuazima rola yangu.
Lakini kinachoshika na kinachojifanya kushika,
hilo vinalijua gizani.

Imezidi shilingi mia nane kwa rola, nimeona.
Punguza soda za wageni.
Punguza lile bango la getini lenye picha yako.
Lori linashuka Alhamisi na mzigo haungoji kikao.

Ya kwanza nimeshaifunga, iko pale mlangoni.
Chini ya utepe, karibu na kona,
kuna doa la kidole gumba,
laini, halina mstari hata mmoja.
Sikulifuta. Nimelisugua likakaa vizuri zaidi,
likasomwe huko liendako na mwenye mashine nzuri.

Sikio nimelikunja.
Haya, weka sahihi, wino wako unakauka.