Mshale Uliolala

Mume wangu Eleuterio hakuwahi kujaza tangi.
Alinunua petroli kama mjane anunuavyo chumvi,
ya leo tu, abaki na chenji mfukoni.
Taa ya njano ikiwaka, alicheka:
"Taa ya waoga hiyo. Kilomita hamsini bado zimo."

Zimo wapi? Nani alizipima, siku ya upepo gani?
Huku kwetu Patagonia upepo haupiti, unakaa.
Ukielekea magharibi unakuketia juu ya boneti
na kunywa pamoja na injini, kikombe kwa kikombe.

Jumamosi ile nilipakata keki.
Ghorofa tatu, sukari nyeupe, lulu za peremende:
harusi ya Maité, binti wa dada yangu, saa mbili usiku.
Kituo cha mwisho kilifungwa kwa mnyororo,
na kwenye mnyororo kipande cha boksi: LORI HALIJAFIKA.
Mbwa alitutazama kama mtu anayejua.
Nikasema, turudi.
Eleuterio akakigonga kioo cha dashibodi kwa ukucha
kama daktari agongaye kifua cha mzee,
na mshale ukaruka unywele mmoja, kwa heshima tu,
kisha ukalala tena.
"Umeona?" akasema.

Husemwa akiba haiozi.
Waliosema hawakulifungua tangi la Fiat yetu.
Fundi Oyarzún alilifungua, baadaye:
kutu, mchanga, maji, uchafu wa miaka kumi na saba
uliokaa chini kimya ukingoja zamu yake.
"Mama, pampu huoga ndani ya petroli ndipo ipoe.
Ninyi mmeikausha. Mmeinywesha matope ikiwa na homa."
Bei ya pampu mpya aliiandika kwenye kiganja changu
nisije nikajifanya nimesahau.
Ningelijaza tangi mara tisa.

Lakini hayo ni mambo ya chuma,
na chuma hununuliwa.

Ninayotaka kusema ni ile kona kabla ya daraja.
Mteremko. Lori la kokoto linapanda.
Gari letu likakohoa mara moja,
mara ya pili,
halafu kimya, kile kimya cha nyumba umeme unapokatika
na kila mtu anajisikia anavyopumua.
Usukani ukawa mzito, kama umeshikwa na mtu mwingine.
Breki aliikanyaga ikashuka, akaikanyaga ikashuka nusu,
mara ya tatu ikawa jiwe.
Niliuona mdomo wa dereva wa lori ukifunguka.
Honi sikuisikia. Nilisikia lulu za keki
zikidondoka moja moja juu ya viatu vyangu.

Tulisimama changaraweni, gurudumu moja hewani.
Eleuterio hakusema kitu.
Mikono yake iliendelea kuendesha.

Usiku wa Machi nyikani ni kisu.
Joto la gari ni injini, injini ni petroli,
petroli ni ile chenji mfukoni mwake
iliyolia kila alipotetemeka.
Saa nne tukala ghorofa ya juu.
Saa saba, ya katikati, kwa vidole, bila kutazamana.
Bwana harusi wa sukari nilibaki naye mkononi.
Bibi harusi sikumwona tena.

Alfajiri wakapita wakata manyoya ya kondoo,
sita ndani ya pikapu moja, wananuka sufu.
Mkubwa wao akachomeka mpira kwenye tangi la jenereta,
akavuta kwa mdomo, akatema, akatujazia
lita tano katika chupa ya mvinyo.
Pesa hakuzitaka. Aliitazama keki.
Ghorofa ya chini ikaondoka na wakata manyoya.

Maité ameshazaa wawili. Bado huniuliza
keki yake ilikuwa na ladha gani.
Ya limau, namwambia. Na petroli kidogo.

Siku hizi Eleuterio hujaza mpaka pampu ijikate yenyewe.
Hulipa, huingia, hufunga mlango.
Kisha, kabla ya kuwasha,
hukigonga kioo kwa ukucha.
Mshale umejaa, hauna pa kurukia.
Hata hivyo anangoja.