Sekunde Kumi na Tisa

Kompyuta ya ofisi ya falaji, hapa Samail,
ina umri wa kupewa leseni ya gari.
Ukiiwasha hukohoa, feni yake ikikwangua vumbi,
nayo ndiyo niliyokabidhiwa: tengeneza programu
ya kugawa zamu za maji, athar kwa athar,
nusu saa kila fungu, usiku na mchana,
mtu asilalie zamu ya jirani.

Yaarub, mwenzangu kazini, alisema: iandike kwa C.
Herufi hiyo husomwa *si*,
na kweli ni lugha ya kukanusha:
si yako kumbukumbu hii, si hapa, si tena,
uliazima baiti arobaini, zirudishe mwenyewe.
Nikazirudisha. Nikasahau mahali pamoja.
Kilango kimoja cha mfereji kikiachwa wazi
shamba la mbele hukauka bila kelele;
siku ya tatu programu ikafa vivyo hivyo,
alfajiri, katikati ya zamu ya mjane wa Saif.

Lakini ilikuwa nyepesi! Ukigusa kitufe
dirisha limekwisha funguka, kidole hakijarudi.

Nikaandika upya kwa Python, lugha ya juu,
lugha yenye watumishi: huyu anafagia nyuma yako,
yule anakisia ulichokusudia.
Siku nne, badala ya miezi minne.
Nikabonyeza.
Moja. Mbili. Tatu.
Ya kumi na tisa ndipo dirisha likajitokeza
kama mgeni aliyekuwa bado akitafuta viatu.

Bi Thureya, karani, hakusema neno. Alimimina kahawa.
Baadaye, kwa Kiswahili alichokuja nacho kutoka Wete,
kile kisichoingia kwenye barua za wizara:
"Ile ya kwanza, ukishakwenda zako Maskati,
nani ataitibu?"

Kiarabu chetu cha juu kina mihuri.
Hiki cha chini ndicho tunachoulizana ukweli.
Chini si duni, na Yaarub yuko sawa hapo.
Ila kushuka kisimani ni kwa mwenye kamba,
na mimi kamba naondoka nayo.

Mpwa wake, Muadh, ana miaka kumi na sita.
Shuleni wamefunzwa ile ya pili tu.
Nikamkalisha, akasoma mistari yangu kwa sauti
kama anayesoma barua ya nyumbani,
akagota pale niliposahau
kwamba mwezi huweza kuandama baada ya siku ishirini na tisa.
Akasahihisha. Hata hakuniuliza.

Basi imebaki ya juu.
Ya C iko kwenye flashi, droo ya chini kabisa,
chini ya risiti za saruji.
Na kila asubuhi saa mbili kasoro, nikiwa foleni ya magari Maskati,
najua Bi Thureya amebonyeza.
Nahesabu naye: kumi na saba, kumi na nane.
Yeye yuko kikombe cha pili.
Mimi bado zinaniuma.