Mahari pa Kuzaliwa

Siku ya zoezi la kujaza fomu
Mwalimu Ndahani alizungushia duara jekundu neno langu:
Mahari pa kuzaliwa.
Darasa likaangua kicheko. Chidumizi wa bodaboda
akauliza ng'ombe wangapi walitolewa ndipo nikazaliwa.
Nami nikacheka, nikiwa nimechelewa kidogo,
kama mgeni anayetazama kwanza wenyeji wanafanyaje.

Lugha ya mama yangu haina L.
Ulimi wangu ulikua na R,
ukavuka nayo Malagarasi usiku,
ukapanda nayo lori tupu la mahindi mpaka Kibaigwa,
mahali (sasa nalipatia), mahali
ambapo hata wenyeji hawajakubaliana
kama gunia lililofura mgongo ni lumbesa au rumbesa.

Kazi yangu ni kufunga midomo.
Shazia, uzi wa katani, gunia linyamaze.
Msimu wa kwanza karani wa mizani alichora vijiti,
jioni akavisoma: hamsini na mbili.
Vidole vyangu vilijua ni zaidi,
lakini nani atapokea ushahidi wa vidole?
Nikaanza kutia punje moja mfukoni
kwa kila gunia nililoshona.
Siku mbili hesabu ilisimama.
Siku ya tatu Bukuru, mwanangu, aliikuta,
akaikaanga kwa chumvi.
Nilimkuta anatafuna ujira wa kutwa nzima.
Nikainua mkono.
Akanyoosha kiganja, akanipa punje mbili zilizobaki.

Hiyo ndiyo sababu, ukiniuliza.
Wageni wa halmashauri walisema ni kiu ya elimu.
Sawa. Iwe kiu.

Saa moja jioni, darasa la pili B.
Madawati ni ya watoto, magoti hayana pa kwenda.
Upepo unaingia bila hodi, umebeba pumba za sokoni,
unakaa nasi mpaka kipindi kiishe.
Umeme ukikatika, Madeje muuza ubuyu huwasha simu,
tukasoma kwa zamu, haraka,
kabla chaji haijatuaga.
Mkono uliozoea shazia huikandamiza kalamu,
hata ukurasa wa nyuma nao hujua nilichoandika.

Mwaka wa pili Hisabati ilinipa F.
Wiki mbili sikwenda. Nilishona tu, nikanyamaza kama kazi yangu.
Ndahani akaja sokoni, suruali nyeupe kwa vumbi,
wala hakuleta maneno ya kutia moyo.
Akakaa juu ya gunia, akatoa kipande cha chaki:
"Hili lina kilo mia na ishirini.
Mkulima kalipwa mia.
Magunia arobaini. Niambie, ameibiwa kiasi gani?"
Nikaandikia ubavuni mwa gunia.
Nikafuta kwa kiwiko. Nikaandika tena.
Wapakizi walisimama, mzigo mabegani,
wakisubiri jibu kuliko mimi.

Jana karani alisoma sitini na nne.
Sikupaza sauti. Nikafungua daftari langu:
sabini na moja, na saa, na namba za malori.
Akautazama mwandiko, akanitazama,
akavua kofia akajikuna,
akazihesabu noti upya.

Leo iko fomu nyingine, ya mtihani wa maarifa.
Mstari wa tatu unauliza lilelile.
Nimeandika Mahali. L imesimama wima
kama nguzo ya umeme barabara ya Morogoro.
Halafu kalamu ikagoma.

Kwa sababu kule tulilipa.
Migomba ya baba. Kaka wawili.
Mlango tuliouacha wazi ili wadhani tupo.
Nani alisema nilikosea?

Nimejaza: Makamba. Mwandiko wangu mzuri kuliko wote.
Na pembeni, kwa penseli, hafifu,
nimeweka R moja.
Ndahani akiiona, na aizungushie.