Na Mguu Wake

Kila Jumamosi ya Septemba, saa kumi na moja jioni,
nafungua chumba nyuma ya ghala la zimamoto,
natandaza gazeti la juzi, nawasha taa,
nasubiri kuletewa msitu kwa vikapu.

Halmashauri ya kijiji hunilipa kwa kunusa,
na huku Uswisi hata kunusa kuna saa zake.
Nanusa, nageuza, nakata. Huu mle.
Huu hauui, ila mtashinda chooni.
Huu sina hakika nao; basi si chakula.

Leo kaja Balz Rüegsegger, fundi wa saa mstaafu,
mwenye vidole vilivyozoea springi nyembamba kuliko unywele,
na mfuko wa plastiki (nimemwambia mara ngapi:
ndani ya plastiki uyoga hutoka jasho, huoza, husagana),
na uyoga wote kaukata shingoni, kwa unadhifu.
"Uchafu nimeuacha ardhini," anajisifu.

Uchafu! Balz, ulichokiacha ndicho ushahidi.
Nageuza mmoja: kofia ya kijani kilichochujuka,
kama zeituni iliyosahauliwa dirishani;
chini yake kurasa nyembamba, nyeupe, nyeupe hata ukizeeka;
pete shinani, mithili ya soksi iliyoshuka.
Sasa nautaka mguu. Mguu uko msituni
umevaa kifuko, ganda la yai lililopasuka,
na kwa kifuko hicho ningeapa mahakamani.

"Konokono walikuwa wanaula."
Konokono hana ini lako.
"Mama alikuwa akichemsha na kijiko cha fedha."
Kijiko, Balz, hakijui lolote ila supu.
"Nimeonja chembe, nikatema. Mtamu."
Ndiyo. Waliopona wote husema hivyo: mtamu.

Nauvuta mfuko mzima upande wangu.
Hata ule wa manjano, mzuri? Hata huo.
Vipande vimeshalala pamoja.
Uso wake unaiva, kisha unapauka,
kisha anasema polepole, akiitazama taa,
"Nusu nimempa Leni Wüthrich."

Simu inaita. Inaita.
Sumu hii haina haraka: hula nawe chakula cha jioni,
hukuacha ulale, alfajiri ndipo ikakugongea.
Siku ya pili hukulegezea, unaomba chai, unacheka,
wanao wanarudi makazini,
nayo iko ndani, kimya, inamaliza ini.
Inaita.
"Haloo?" Nyuma ya sauti, siagi inalia kikaangoni.

"Leni, zima jiko."
"Nani mwenzangu?"
"Zima kwanza. Umeshaonja?"
Kimya, cha mtu anayeutazama uma.
"Mimi bado," anasema. "Nimempa paka kipande."

Usitupe kitu, namwambia, hata maganda.
Daktari wa wanyama atataka kuyaona.
Balz ameshatoka, kofia kaiacha mezani.

Jumamosi iliyofuata alirudi na kikapu cha matete,
ndani yake uyoga mmoja tu,
na udongo wake, na kuvu la mti, na jani la mwaloni,
kaukumbatia kama mtoto wa siku tatu.
"Huu hapa," akasema, "na mguu wake."
Nikawasha taa. Sikuuliza habari za paka.