Nafasi Sitini na Nne

Saa nane usiku, Caernarfon, mvua ikinyesha kiubavu,
simu ikatetemeka chini ya mto.
Onyo lilikuja bila salamu:
moduli ya lugha, toleo la pili nukta nne
na yote yaliyolitangulia,
ina tundu. Tundu limeshajulikana.
Wanaolijua si sisi tu.

Nikashuka jikoni na soksi moja,
nikafungua kompyuta karibu na birika,
nikaingia kwenye seva ya halmashauri
kama mtu aingiaye chumba cha mgonjwa:
kwanza unasikiliza anavyopumua.

Kazi ya moduli hii ni ndogo.
Mgeni akibisha, inasoma kichwa cha ombi lake,
inauliza: Kiwelisi au Kiingereza?
kisha inampa ukurasa wa ruzuku ya kupashia nyumba joto,
ratiba ya taka,
kibali cha kuzika.
Ifor Prydderch aliiandika mwaka elfu mbili na sita,
bure, jioni baada ya kazi. Sasa amestaafu, anafuga nyuki.
Alitenga nafasi sitini na nne za herufi
kwa orodha ya lugha za mgeni,
akaona zinatosha na kubaki.
Simlaumu. Angejuaje?
Mama yangu peke yake, pale Muheza,
Kibondei cha jikoni, Kisambaa cha soko, Kizigua cha mawifi,
Kiswahili, Kiarabu cha kuswalia,
angejaza nusu.

Herufi ya sitini na tano haikosi pa kukaa.
Hukaa pa mwenzake.
Humwaga yaliyomo, hujilaza,
na kumbukumbu ikishafurika
seva haikumbuki tena mwenye nyumba ni nani:
hupokea amri za mgeni na kumwita bwana.

Kiraka hakijatoka. Kinashonwa, waliandika; kesho, labda.
Gwilym, mkuu wangu, akasema kwa sauti ya usingizi:
"Izime tu. Wote wapate Kiingereza. Usalama kwanza."
Hakukosea. Nikaweka alama ya reli mwanzo wa mstari,
mstari ukawa maelezo, si amri.
Kidole kikasita juu ya kuwasha upya.

Nilimkumbuka Bi Eluned wa mtaa wa juu,
miaka themanini na sita, mjane wa juzi,
aliyeniambia kwenye foleni ya posta
kwamba Kiingereza anakijua, ila si cha kulilia.
Asubuhi atafungua ukurasa wa kibali cha kuzika.

Faili la mipangilio lina mstari wa chaguo-msingi.
Herufi mbili: en.
Nikafuta. Nikaandika cy.
Na kwa kuwa siamini kufuli moja,
nikaweka kizuizi mbele ya mlango:
kichwa kisizidi urefu huu; kikizidi, kisifike hata barazani.
Nikawasha upya. Sekunde tatu za giza.
Ikapumua.

Saa mbili asubuhi bwana mmoja mwenye nyumba ya likizo
akapiga simu akifoka: haelewi hata neno moja.
Nikamwomba radhi, nikamtafsiria ratiba ya taka, siku kwa siku,
mimi wa Muheza,
kwa Kiwelisi changu cha darasa la jioni.

Saa tano kiraka kikafika. Mistari kumi na mmoja.
Ndani yake hamna ujanja:
pima, ndipo ukate.
Mama, fundi cherehani, angecheka.
Watu wazima, miaka kumi na minane, kulijua hilo.

Na kwenye daftari la matukio, saa kumi na dakika nne alfajiri,
nikamwona. Alikuwa amepita.
Anwani moja, mara mia mbili na sita,
na orodha ya lugha zisizo na ulimi,
aaaa, aaaa, aaaa,
na kila mara seva, bila hasira,
ikamjibu nambari ileile, mia nne thelathini na moja,
ambayo kwa Kiswahili cha kwetu ni:
una kichwa kikubwa, hakipiti mlangoni.